Kuchemsha maji hakuondoi dawa ya magugu

"Chemsha, chuja, kunywa bila wasiwasi." Tumeusikia ushauri huu tangu utotoni, na kwa kipindupindu au homa ya matumbo ni wa kweli kabisa: moto huua vijidudu. Kosa ni kuamini kwamba unaondoa pia dawa ya magugu iliyosombwa na mvua kutoka shambani hadi kisimani.

Chukua atrazini, inayopuliziwa mahindi na miwa. Haina uhai wa kuuawa. Ni kama chumvi kwenye mchuzi: ukiuacha utokote hadi upungue, chumvi inazidi kukolea. Shabu hutuliza tope, klorini huua vijidudu, lakini atrazini iliyoyeyuka hupita karibu yote. Kitambaa ndiyo hakiizuii hata kidogo.

Kinachoinasa ni kaboni amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu, wenye vitundu vidogo mno ambamo dawa hushikamana. Marekani, ambako kikomo cha atrazini ni mikrogramu 3 kwa lita, mitambo ya maji huutumia. Mkaa wa jikoni si wa kutegemea, na hata huo maalumu hujaa, hivyo lazima ubadilishwe. Mimi ningeanzia shambani: bomba la kupulizia lisioshewe karibu na kisima.