Polaraizesheni ya mwanga wa pulsa hupimwaje?

Mwanga ni wimbi linalotikisika kukingama njia yake. Mtikisiko ukienda pande zote sawasawa, mwanga hauna polaraizesheni. Ukielemea upande mmoja, unayo. Vaa miwani ya jua ya polaroidi, uinamishe kichwa mbele ya skrini ya simu: simu nyingi hufifia kwa pembe fulani. Kinachotafutwa ni namba mbili tu, kiwango kwa asilimia na pembe ya mtikisiko.

Kwa pulsa, yaani nyota ndogo nzito inayozunguka upesi na kuonekana ikipiga mapigo ya mwanga, namba hizo zinatakiwa kwa kila kipande cha mzunguko. Pulsa ya Nebula ya Kaa (wingu la mabaki ya nyota iliyolipuka), ambayo mapigo yake ya mwanga unaoonekana yaligunduliwa mwaka 1969, huzunguka takriban mara 30 kwa sekunde. Pembe hugeuka upesi ndani ya pigo moja, kwa hiyo wastani wa mzunguko mzima huficha mengi.

Kichujio cha polaroidi huzungushwa mbele ya kigunduzi kinachohesabu fotoni (chembe za mwanga) moja moja, na kila fotoni hupewa saa yake kwa GPS. Saa hizo husahihishwa kana kwamba zimepimwa kwenye kitovu cha mfumo wa jua; bila hivyo mwendo wa Dunia huzipotosha kwa hadi dakika 8 hivi. Kisha mzunguko hukatwa vipande, tuseme 100, kila kimoja milisekunde 0.33. Kichujio kikizunguka, hesabu ya kipande ikipanda hadi 1,100 na kushuka hadi 900, gawa tofauti kwa jumla: 200 kwa 2,000, asilimia 10. Kasi ya kichujio isioane na ya pulsa, la sivyo kila kipande kitaonwa kwa pembe zilezile chache.

Fotoni zikiwa haba, kelele, yaani kuyumba kwa hesabu kwa bahati nasibu, hujifanya polaraizesheni, maana kiwango hakiwezi kuwa chini ya sifuri. Kosa la asilimia 1 hudai fotoni kama 20,000 kwa kipande.

Mharibifu mkubwa ni nebula yenyewe, ambayo mwanga wake una polaraizesheni kubwa. Mwanga huo hupunguzwa kwenye hesabu, lakini usipunguze asilimia kwa asilimia: punguza vigezo vya Stokes, yaani Q (tofauti ya nyuzi 0 na 90) na U (45 na 135), kila kimoja peke yake. Hata hivyo, kuna kifundo angavu (donge dogo la mwanga) sekunde ya tao 0.6 tu kutoka kwenye pulsa (sekunde ya tao ni 1/3600 ya nyuzi moja), na angahewa hukichanganya nayo. Katika vipimo vya kifaa cha OPTIMA vilivyochapishwa mwaka 2009, wastani wa polaraizesheni ulikuwa asilimia 9.8; mwanga usiopiga, yaani usiobadilika na mzunguko, ulipoondolewa, ulishuka hadi 5.4.