4.18 si umri wa seva yako

Juzi tena, ofisi moja hapa Lubumbashi, kijana wa informatiki ameandika uname -r, amri inayoonyesha toleo la kerneli (kiini cha Linux), akaona 4.18, akanigeukia: "Papa, hii kerneli ni ya 2018, ilishazeeka!"

Kijana, soma mstari mzima: 4.18.0-553.el8_10. Kweli, 4.18 ilitoka Agosti 2018, na ndiyo msingi wa RHEL 8, Linux ya seva ya kampuni ya Red Hat. Habari yenyewe iko nyuma ya kistari. Tundu la usalama likizibwa kwenye kerneli mpya, wahandisi wa Red Hat huchukua kiraka kile, wakakipunguza kienee kwenye kodi ya zamani, na namba ya nyuma ikapanda. Ya mbele inaachwa makusudi, ili draiva zilizojengwa kwa RHEL 8 zisivunjike. Rocky na Alma, Linux za bure zinazofuata RHEL, ni vilevile. Unabisha? Andika rpm -q --changelog kernel-core | grep CVE, uone orodha ya CVE, namba za matundu ya usalama, inavyoteremka. Zile programu za ukaguzi zinazolinganisha namba ya mbele tu zinapiga kelele bure, halafu bosi anapata ripoti nyekundu na mimi napigiwa simu usiku.

Wengine wanachomeka kernel-ml, kerneli mpya kutoka ELRepo, hazina isiyo ya Red Hat, kwenye seva ya mishahara. Hongera, namba ni nzuri. Siku databezi ikigoma, muuzaji atauliza kerneli gani, na mazungumzo yataishia hapo. Ukitaka mpya, hamia RHEL 9 yenye 5.14, au 10 yenye 6.12.

Ila angalia chuma kwanza, maana hapa tunanunua mitumba. RHEL 10 inadai prosesa ya kiwango cha x86-64-v3, yaani yenye amri za hesabu za AVX2. Xeon E5 v2, prosesa ya zamani ya Intel, haina. Alma 10 wametoa toleo la pembeni kwa kiwango cha chini yake, x86-64-v2. Na kadi za diski za SAS2008, kama PERC H200, hazitambuliwi tena tangu RHEL 8: kisakinishi kinafunguka vizuri, diski hakuna.

Mashaka ninayo pia. Tangu Februari 2024 timu ya kerneli yenyewe inatoa CVE karibu kwa kila kosa linalorekebishwa, na Red Hat hawazibi zote. Wanachagua kwa uzito. Kwenye mashine inayoingiwa na watumiaji wengi nisiowajua, uchaguzi huo hauniachi nilale vizuri.

CentOS 7, nakala ya bure ya RHEL 7, ni kesi nyingine kabisa. Viraka vilikoma tarehe 30 Juni 2024, na ile 3.10 yake hakuna anayeishonea kitu, isipokuwa umelipia mtu. Hiyo ndiyo ya kunipigia simu usiku.