Kocha wa Boise State hakumnyima Jeanty Heisman. Alimnyima kitu kingine

Basi tuyamalize haya leo. Kila mkimbiaji (mbeba mpira) wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo anapopumzishwa robo ya tatu kwa sababu timu yake inaongoza kwa pointi thelathini na ushee, lazima atokee mtu wa kuandika: "Haya, yale ya Jeanty yamerudi." Yapi hayo? Kwamba mwaka 2024 Spencer Danielson, kocha wa Boise State, alimkalisha Ashton Jeanty benchi nusu nzima ya pili katika mechi mbili, na kwa kufanya hivyo akamkabidhi Travis Hunter wa Colorado tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa mwaka wa vyuo. Limesemwa mpaka watu hawaliulizi tena. Kinachonikera ni kwamba lina chembe ya ukweli, ila wanaolirudia wameishika chembe hiyo upande usio wake.

Mechi zenyewe ni hizi. Septemba dhidi ya Portland State, Boise ikashinda 56-14: Jeanty mbio 11 (mara alizobeba mpira), yadi 127, kisha helmeti chini nusu ya pili yote. Oktoba dhidi ya Utah State, 62-30: mbio 13, yadi 186, helmeti chini tena. Jumla mbio 24 kwa yadi 313, wastani wa yadi 13 kwa kila mbio. Hapa ndipo hesabu ya kijiweni inapoanza. Jeanty alifika siku ya kura akiwa na yadi 2,497, basi ongeza 313 nyingine za zile nusu mbili, unapata 2,810, na rekodi ya Barry Sanders ya 2,628 aliyoiweka Oklahoma State mwaka 1988 imevunjwa wiki ya kura. (Barry na Deion Sanders, aliyekuwa kocha wa Hunter, hawana undugu. Naandika hivi kwa sababu nitaulizwa.)

Hesabu hiyo ni mbovu, na ubovu wake uko wazi kwa yeyote aliyewahi kukaa hadi mwisho wa mechi iliyokwisha mapema. Nusu ya pili ya 56-14 si nakala ya nusu ya kwanza. Safu ya mbele iliyomfungulia njia nayo inatolewa, kwa sababu hakuna kocha anayemwacha mkimbiaji wake bora nyuma ya vijana wa mwaka wa kwanza ambao hawajajua kumsoma mlinzi anayetoka pembeni. Saa inaachwa iende. Timu inakimbia mpira kwenye kila jaribio la kwanza na la pili, wapinzani wanalijua hilo, wanajaza watu wanane mbele. Wastani wa yadi 13 hauwezi kuishi hapo. Wa kutumia ni wastani wake wa msimu, ambao ulishakusanya mechi nyepesi na ngumu: mbio 344, yadi 2,497, yaani yadi 7.26 kwa mbio.

Kwa wastani huo, kocha mwenye huruma ambaye angemrudisha kwa mashambulizi mawili ya kwanza ya robo ya tatu, tuseme mbio 6 kila mechi, angempa yadi kama 87. Jumla 2,584. Bado hajamfikia Barry. Ili avuke 2,628 kabla ya kura alihitaji yadi 132, yaani mbio 19 kwenye nusu hizo mbili. Nusu ya kawaida ya Jeanty msimu ule ilikuwa mbio 13, kwa hiyo 9 au 10 kila mechi si ndoto. Lakini ungekuwa unampigisha mbio hizo zote huku ubao ukisoma tofauti ya pointi 30 au 40, dhidi ya Portland State, timu ya daraja la chini, mwezi Septemba, na safari ya kwenda mechi 13 iko mbele yako. Kocha anayefanya hivyo kisha mkimbiaji akateguka goti hamwandiki "alimpa nafasi ya tuzo." Mnamwandikia mengine.

Sasa tuje kwenye kura, maana hapo ndipo wengi wanapoteleza kabisa. Heisman haina mpiga kura anayechagua mtu mmoja. Kila kura ina majina matatu kwa mpangilio: wa kwanza alama 3, wa pili 2, wa tatu 1. Wapiga kura ni waandishi na watangazaji 870, yaani 145 kwa kila moja ya kanda sita, pamoja na washindi wa zamani walio hai na kura moja ya mashabiki. Matokeo ya 2024: Hunter alama 2,231, Jeanty 2,017. Tofauti 214, ndogo kuliko zote tangu 2009, Mark Ingram alipomshinda Toby Gerhart kwa alama 28. Watu husikia 214 wakadhani zilihitajika kura 214 zibadilike. Hapana. Mpiga kura aliyeandika Hunter wa kwanza na Jeanty wa pili akiwageuza, Hunter anapoteza moja na Jeanty anapata moja. Kura moja inasogeza alama mbili. Kura 107 zinaleta sare, 108 zinampa Jeanty tuzo.

Fungua mchanganuo utaona jambo la ajabu zaidi. Hunter alipata nafasi za kwanza 552, za pili 251, za tatu 73. Jeanty 309, 517 na 56. Geuza zile kura 108: Hunter anabaki na 444-359-73, sawa na alama 2,123, Jeanty anakuwa na 417-409-56, sawa na 2,125. Yaani Jeanty angechukua tuzo akiwa na nafasi za kwanza 27 pungufu ya Hunter. Inawezekana kwa sababu Jeanty alikuwa kwenye kura 882 na Hunter kwenye 876, na waliomweka Jeanty wa tatu walikuwa wachache. Kuna wapiga kura waliomwacha Hunter nje ya majina matatu kabisa! Wakati huohuo kuna waliomwacha Jeanty. Hao nawaachia dhamiri zao.

Haya si mambo ya kubuni. Mwaka 2008 Tim Tebow alipata nafasi za kwanza 309, nyingi kuliko mtu yeyote mwaka ule, akamaliza wa tatu. Sam Bradford alikuwa na 300 akabeba tuzo kwa alama 1,726, kwa sababu alikuwa na nafasi za pili 315 ambapo Tebow alikuwa na 207. Kwa hiyo mtu akikuambia "fulani alikosa kura za kwanza kwa sababu ya kocha," muulize nafasi za pili zilikwenda wapi. Akinyamaza, endelea na chai yako.

Swali sahihi basi ni hili: kati ya watu 552 waliomweka Hunter wa kwanza, je, mmoja kati ya kila watano angehama kwa sababu ya yadi 130? Fikiria Hunter alikuwa na nini mkononi. Pasi 92 alizodaka kwa yadi 1,152 na tachidauni 14 upande wa mashambulizi. Upande wa ulinzi, pasi 4 alizonasa na 11 alizozigonga zikaanguka. Zaidi ya snapu 1,300 kwa msimu, yaani mara zote mpira ulipoanzishwa akiwa uwanjani. Mpiga kura aliyemchagua kwa sababu hiyo hakuwa akilinganisha yadi na yadi. Alikuwa anasema hajaona mtu akicheza pande zote mbili kwa kiwango kile. Ukimpelekea yadi 87 zaidi za Jeanty dhidi ya Utah State, atakuuliza zinahusiana nini na hoja yake.

Ila hapa ndipo uhakika wangu unapopungua, na sitaficha. Yadi 87 hazimhamishi mtu. Yadi 132 ni jambo jingine, kwa sababu zinabadilisha kichwa cha habari. "Jeanty apita 2,500" na "Jeanty avunja rekodi ya Barry Sanders ya miaka 36" si habari moja, na Jeanty alimaliza mechi ya fainali ya Mountain West, konferensi (kundi la vyuo) ya Boise State, Ijumaa ya tarehe 6 Desemba kwa yadi 209 dhidi ya UNLV, kura zikifungwa Jumatatu. Rekodi ile ingevunjwa usiku ule, mbele ya watu wenye fomu ambazo hawajazijaza. Kwa upande mwingine, Barry aliweka yake kwa mechi 11 na Jeanty alikuwa ameshacheza 13. Baada ya mechi 11 alikuwa na 2,062. Wapo wapiga kura ambao wangeiona rekodi hiyo kuwa ya kupewa kwa mkopo. Naamini 108 ni wengi mno. Naamini 60 au 70 wangehama. Siwezi kuithibitisha imani hiyo kwa namba, na yeyote anayedai anaweza, anawadanganya.

Kitu kingine kinachosahaulika kwa makusudi: Hunter naye alikosa takribani nusu mbili. Dhidi ya Kansas State bega liliumia, hakurudi nusu ya pili, na Colorado ikafungwa 31-28. Wiki iliyofuata dhidi ya Arizona hakucheza nusu ya pili. Mbona hakuna anayesema bega lilimpunguzia Hunter ushindi ukawa wa alama 214 badala ya 400? Kama mnahesabu nusu, hesabuni zote.

Na kama mnamtafuta kocha aliyeamua kinyang'anyiro kile, mtazameni Deion. Sizungumzii maneno yake kwenye kamera. Yeye ndiye aliyekubali kumchezesha Hunter pande zote mbili, kila wiki, bila kumpangia zamu ya kupumzika, huku mwaka 2023 kijana huyohuyo akiwa amekosa mechi tatu kwa jeraha la ini. Makocha wengi wa ngazi ile wangemlazimisha achague upande. Matumizi ya mchezaji ndiyo silaha ya kocha kwenye tuzo hizi. Nick Saban, kocha wa Alabama mwaka 2015, alimpa mkimbiaji wake Derrick Henry mbio 46 dhidi ya Auburn na 44 dhidi ya Florida kwenye fainali ya konferensi ya SEC, mbio 90 kwa mechi mbili za mwisho kabla ya kura, na Henry akamshinda Christian McCaffrey kwa alama 293. Mbio hizo zilikuja Novemba ikiisha na Desemba ikianza. Mbio za Septemba ambazo Danielson hakumpa Jeanty zisingekuwa na uzito huo hata kidogo.

Mnaopenda mifano ya benchi mna mmoja mzuri kuliko wa Boise na hamuutumii. Novemba 2014 Melvin Gordon wa Wisconsin alikimbia yadi 408 dhidi ya Nebraska kwa mbio 25, akaivunja rekodi ya mechi moja ya LaDainian Tomlinson ya 406, na robo ya nne yote akaitazama akiwa nje. Wiki moja tu baadaye Samaje Perine wa Oklahoma akapiga 427. Rekodi ikaondoka. Je, Gary Andersen, kocha wake, alimnyima Gordon Heisman? Marcus Mariota alishinda kwa alama 2,534 dhidi ya 1,250. Tofauti ya 1,284 huifuti hata ungempa robo mbili za ziada. Kilichomwumiza Gordon siku ya mwisho kilikuwa fainali ya konferensi ya Big Ten, Ohio State 59, Wisconsin 0, yeye mbio 26 kwa yadi 76, na wapiga kura wote wakiangalia.

Suala la konferensi nalipita haraka kwa sababu kila mtu analijua: tangu Ty Detmer wa BYU mwaka 1990 hakuna mshindi kutoka nje ya konferensi kubwa. Ukitaka kueleza alama 214, anzia hapo kabla ya kufika benchi.

Sasa ile chembe ya ukweli. Danielson alimgharimu Jeanty rekodi. Hilo nalikubali bila ubishi. Takwimu za mechi za baada ya msimu zinahesabiwa tangu 2002, na Jeanty aliingia Fiesta Bowl tarehe 31 Desemba akihitaji yadi 132 kumpita Barry. Alimaliza na 2,601, pungufu kwa 27 tu. Zile mbio 6 kila nusu, za yule kocha mwenye huruma, zingemfikisha karibu 2,690. Hata mbio 4 moja kwa moja baada ya mapumziko dhidi ya Portland State zingetosha kwa wastani wake, ingawa kwa yadi mbili tu. Lakini tarehe 31 Desemba kombe lilikuwa na zaidi ya wiki mbili nyumbani kwa Hunter, na kura haikuwa na habari na mechi ile. Kama unataka mtu wa kumlaumu kwa yadi 27, unaye Danielson, na unao walinzi wa Penn State ambao kwenye mechi hiyo walimpa Jeanty mbio 30 na yadi 104, wastani wa 3.5, chini ya nusu ya alichozoea.