Marie-Philip Poulin: magoli tunayajua, mshahara je?

Mimi ni mtoto wa Mombasa, barafu ya kuteleza nimeikanyaga mara ya kwanza pale Panari, Mombasa Road, Nairobi, na sasa kila Jumamosi asubuhi nafundisha mabinti hoki ya barafu hapa Montréal, Kanada. Jamaa wa nyumbani wakisikia kazi yangu swali la kwanza huwa ni baridi, la pili ni "hivi hao wanawake wanalipwa?" Hilo la pili nalipenda sana kwa sababu ukilijibu vizuri umeshaeleza maisha yote ya mshambuliaji wa kike kwenye hii gemu, na wa kumtolea mfano ninaye, Marie-Philip Poulin, namba 29, kapteni wa timu ya taifa ya Kanada na wa Montréal Victoire, klabu ya hapa mjini.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Timu moja ina watu sita barafuni: golikipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu, yani senta na mawinga wawili. Mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20 lakini mshambuliaji hakai uwanjani hata dakika, anaingia anakimbia kama mwizi sekunde 40 au 50 halafu anarudi benchi mwingine anaruka ukuta kuingia, saa inaendelea kutembea, hakuna cha kusubiri refa aruhusu sabu. Hizo zinaitwa shifti. Poulin ni senta, na senta kazi yake siyo kufunga tu, refa anapodondosha paki (ile sahani ngumu ya mpira inayochezewa) kati ya wachezaji wawili yeye ndiye anaenda kuigombania, na timu ikipoteza paki yeye ndiye wa kwanza kurudi nyuma kusaidia mabeki. Ukiwa umezoea soka fikiria namba 10 na namba 6 kwenye mwili mmoja.

Alizaliwa 1991, akakulia Beauceville, mji mdogo jimbo la Quebec. Vancouver 2010 ana miaka 18, fainali ya Olimpiki, Kanada wanaifunga Marekani 2-0 na magoli yote mawili ni yake. Wengi wangeishia hapo na kusimulia wajukuu.

Sasa njoo Sochi, tarehe 20 Februari 2014, hii mechi nimeirudia mara nyingi mno na bado mikono inatoka jasho. Marekani wanaongoza 2-0, zimebaki dakika tatu na kidogo, Brianne Jenner anarudisha moja. Kanada wanamtoa golikipa wao ili waongeze mshambuliaji, ndivyo inavyofanywa ukiwa nyuma mwishoni, gori unaliacha tupu unajitoa muhanga. Paki ikaponyoka, Kelli Stack wa Marekani akaipiga toka mbali kabisa kuelekea gori lililokuwa halina mtu, ikateleza taratibu, ikateleza, ikagonga nguzo. Nguzo! Ingepita sentimita chache ndani zaidi mechi ingekuwa imekwisha na leo tungekuwa tunaongea mambo mengine kabisa. Zikiwa zimebaki sekunde 54.6 Poulin akasawazisha, wakaenda ovataimu (muda wa nyongeza), akafunga tena, 3-2, dhahabu.

Mabinti wangu nikiwaonyesha ile video wao wanaangalia shuti. Mimi nawasimamisha nasema rudisha nyuma sekunde tano, mwangalieni kabla paki haijamfikia, stiki yake iko chini kwenye barafu, miguu imeshageukia gori, hajasubiri aone paki inaenda wapi ndo aanze kujipanga. Ufungaji wake unaanzia hapo na hicho kitu kinafundishika, ndo maana nakisisitiza hadi wanachoka na mimi.

2018 Korea Kusini akafunga tena fainali lakini Kanada wakapoteza kwa penalti, fedha. 2022 Beijing akafunga mawili kwenye ushindi wa 3-2, dhahabu ya tatu. Fainali nne za Olimpiki mfululizo na zote kafunga, na alipofika hapo hakukuwa na mchezaji mwingine wa hoki, mwanamke wala mwanaume, aliyewahi kufanya hivyo. Katikati, Agosti 2021, kuna lile goli la ovataimu la ubingwa wa dunia kule Calgary ambapo paki ilipiga ndani ya gori ikaruka kutoka haraka hivi kwamba watu waliendelea kucheza mpaka honi ikalia kuwaambia jamani hili lilishaingia.

Haya, tumsikie sasa yule jamaa wa nyumbani: analipwa?

Hapa ndipo moyo unaniuma. Baada ya ile dhahabu ya 2010 alienda Boston University akachezea chuo mpaka 2015, na huko enzi hizo mchezaji wa chuo hakulipwa mshahara. Halafu akarudi Montréal kuchezea ligi iliyoitwa CWHL. Ligi ya juu kabisa, mabingwa wa Olimpiki wamejaa humo, na miaka kumi ya mwanzo wachezaji hawakuwa na mshahara. Walianza kupewa kitu msimu wa 2017-18, kima cha chini dola 2,000 za Kanada na cha juu 10,000, siyo kwa mwezi, kwa msimu mzima. Kwa hiyo walimu, wahandisi, manesi walikuwa wanatoka kazini jioni wanaenda mazoezini usiku maana barafu ya mchana ina bei. Wachezaji wa timu ya taifa walikuwa na posho ya serikali kwa wanamichezo, wengine wote jitegemee.

Machi 2019 wachezaji wakaambiwa ligi inafungwa. Basi. Poulin na wenzake wengi wakakataa kuingia ligi nyingine iliyokuwepo Marekani, wakaunda chama chao wakawa wanazunguka miji kucheza mechi za maonyesho, na katikati ikaingia korona. Hesabu mwenyewe, mshambuliaji bora duniani, umri wa miaka 28 mpaka 32, pale ambapo mwili na akili vinakutana vizuri kuliko wakati wowote, hana ligi ya kucheza. Hii miaka ndo naiheshimu kuliko medali zake, maana angeweza kukubali chochote kilichokuwepo na wala asingelaumiwa na mtu.

Kilichotoka ni PWHL, ligi mpya ya kulipwa ya wanawake. Tajiri Mark Walter na Billie Jean King yule wa tenisi wakaingia, mkataba wa wachezaji ukasainiwa 2023 kabla hata timu hazijapangwa, na mechi ya kwanza ikapigwa Toronto tarehe 1 Januari 2024. Kima cha chini kilianzia dola 35,000 za Marekani kwa msimu, na kila timu ilitakiwa kuwa na wachezaji sita wa dola 80,000 au zaidi kwa mkataba wa miaka mitatu. Kwa mji kama huu 35,000 ni ya kubana matumizi, siwezi kudanganya, lakini ni mshahara. Aprili 2024 Montréal na Toronto walicheza Bell Centre, uwanja mkubwa wa hapa mjini, mbele ya watu 21,105, nilikuwa ndani, watu wamesimama wanaimba jina lake na mimi nalia waziwazi.

Ubingwa huku ulikuwa mgumu mwanzoni. 2024 Boston waliwatoa Montréal nusu fainali mechi tatu bila, zote tatu kwenye ovataimu, moja ikaenda ovataimu tatu. 2025 Montréal wakamaliza wa kwanza, na sheria ya hii ligi inampa kinara haki ya kuchagua mpinzani wake, wakachagua Ottawa, Ottawa wakawatoa. Lakini msimu huohuo Poulin, miaka 34, aliongoza ligi kwa magoli, 19, na akachukua tuzo ya mchezaji bora.

Zamani mabinti wangu walikuwa wananiuliza kufika Olimpiki inachukua miaka mingapi. Mwezi uliopita mmoja wa miaka 11, anavua skeiti, kaniuliza senta na winga nani analipwa vizuri zaidi. Nikamjibu inategemea anarudi nyuma kukaba au harudi. Jumamosi iliyofuata alirudi nyuma kila shifti.