Jino Moja Jeusi Usilisingizie Maji ya Arusha

"Ni maji ya huku tu, daktari, na wala haliumi," huniambia mgonjwa mwenye jino moja jeusi. Jamani! Floridi, madini yaliyo kwenye maji ya huku, tunaijua. Kuanzia Usa River hadi Maji ya Chai meno ya kahawia si habari, na vyanzo vingi vya miteremko ya Meru huvuka kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Lakini floridi huharibu enameli, ganda gumu la nje la jino, utotoni, jino likiwa bado linaundwa ndani ya taya. Ndiyo maana madoa huja kwa jozi: la kulia likiwa nayo, la kushoto lililoundwa wakati uleule linayo pia. Hata yakikolea baadaye kwa chai, hukolea pande zote. Maji hayawezi kumvizia mtu wa miaka 30 yakamchagulia jino moja, la jirani yakaliacha jeupe.

Jino lililogeuka kijivu peke yake, uliza liligongwa lini. Bodaboda, kiwiko cha mpirani, pengine miaka 10 nyuma. Kiini, ile nyama laini ya ndani yenye neva na mishipa, hupata damu kupitia tundu jembamba kwenye ncha ya mzizi. Pigo likikata mishipa pale, kiini hufa, damu iliyovuja huingia kwenye dentini, tabaka lililo chini ya enameli, na rangi hubadilika. Haliumi kwa sababu ndani hakuna kilicho hai cha kuuma. Bakteria wakishaingia, mfupa unaozunguka ncha hulika taratibu hadi kipele cha usaha kitokeze kwenye ufizi. Antibayotiki za duka la dawa hutuliza uvimbe, basi. Kiini kilichokufa hakifikiwi na damu, sasa dawa itapita wapi?

Kwenye kupima kama jino limekufa, vitabu hujifanya vina uhakika kuliko sisi. Unaweka pamba yenye baridi kali, jino lisiposhtuka, limekufa. Si lazima! Kipimo hicho hupima neva, si damu, na jino hai lililogongwa linaweza kukaa miezi 3 au zaidi bila kuhisi baridi. Mengine hujijaza dentini ndani yakawa ya njano, na kiini kipo hai. Eksirei nayo huchelewa, maana mfupa hupoteza madini mengi kabla ya kivuli kuonekana. Kwa hiyo kwa rangi peke yake sitoboi. Nataka dalili ya pili, kama kivuli kwenye ncha au usaha.

Ikithibitika, tunatibu mzizi. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina mfereji mmoja: tunatobolea nyuma, tunasafisha kwa hipokloriti, dawa ya kuua bakteria, tunaziba kwa gutapacha, kijazio kama mpira, halafu tunalipausha kutokea ndani. Kung'oa ni chaguo la mwisho.

Na ukigongwa leo, njoo leo, hata kama jino halijalegea, ili tuwe na picha ya kulinganishia.