Lusubilo si Subira

Lusubilo ni tumaini, basi. Ni jina la Kinyakyusa, lugha ya kusini mwa mkoa wa Mbeya, Tanzania; limejaa Rungwe, Busokelo na Kyela, na kitenzi chake ni ukusubila, yaani kutumaini. Lakini Mbeya mjini hakosi mtu wa kukuambia kwa uhakika kwamba hiyo ni "Subira ya Kinyakyusa", kwa kuwa Wanyakyusa hawana r. Kweli hawana, na bibi wa Tukuyu akimwita mjukuu wake Subira utasikia Subila. Kosa linaanzia hapo.

Subira asili yake ni Kiarabu, sabr, uvumilivu. Lusubilo tazama lilivyoundwa: Kinyakyusa huchukua kitenzi, hukitanguliza lu- na kukimalizia kwa -o. Gana, penda, inatoa Lugano, upendo (si ule mji wa Uswisi wenye jina hilo). Saja, bariki, inatoa Lusajo, baraka. Itika inatoa Lwitiko, imani. U imekutana na i ikawa w. Kitenzi hiki cha mwisho kinapendeza, maana kwa Kiswahili kuitika ni kujibu ulipoitwa, na kwa Mnyakyusa anayeitika ndiye anayekubali, ndiye anayeamini. Subila nayo imepita njia hiyohiyo ikatoa Lusubilo. Wabemba wa Zambia nao wana ukusubila, na kwao pia ni kutumaini.

Asiyeamini sarufi afungue Biblia. 1 Wakorintho 13:13 inataja imani, tumaini, upendo, na Mnyakyusa husoma humo majina ya watoto watatu wa nyumba moja: Lwitiko, Lusubilo, Lugano. Saburi, yaani subira, haimo katika mstari huo. Ipo Warumi 5, na pale inatangulia: saburi huleta uthabiti wa moyo, uthabiti ndio huleta tumaini. Kati ya hayo mawili kuna hatua nzima.

Hata mtaani tofauti iko wazi. Mtu anaweza kukaa stendi ya Nane Nane tangu alfajiri anasubiri basi la Kyela, mzigo miguuni, na tumaini la kuondoka hana hata chembe. Huyo ana subira tupu.

Linaloumizwa zaidi ni Tusubilege. Hili ni kitenzi kizima kilichogeuka jina: tu- ni sisi, subil ni tumaini, -ege inadai jambo liendelee. Wengi hulitafsiri "tusubiri", mwenye jina akaonekana kama aliyezaliwa kwenye foleni. Wazazi wake walisema "tuzidi kutumaini".

Kwa hiyo ukitaka kumwita Lusubilo kwa Kiswahili, mwite Tumaini. Na kwenye fomu andika l zote mbili, hata kama kalamu inavutwa kuandika Lusubiro.