Glaikoli haitengenezi baridi, acheni kuongeza

Mbukwa ndugu zangu. Naandika hii baada ya simu ya nne ya watengeneza mvinyo msimu huu na zote zinasema kitu kilekile, "fundi chila haipozi, nimeongeza glaikoli lakini wapi". Chila ndio ile mashine ya kupoza tanki la mvinyo. Nikisikia tu hilo neno nimeongeza, tatizo nishalijua kabla sijawasha pikipiki.

Jamani glaikoli, kile kimiminika tunachochanganya na maji ya chila, haina baridi. Baridi inatoka kwenye kompresa na gesi kama friji yako ya nyumbani, glaikoli ni bodaboda tu, inapakia joto kwenye tanki la mvinyo, inaenda kulishusha kwenye mashine, inarudi kupakia tena. Na hata kwenye kubeba huko maji yanaishinda, kilo moja ya maji ikipanda nyuzi moja inabeba kilojuli 4.2, glaikoli tupu inabeba kama 2.5 hivi. Tunaichanganya ili maji yasigande ndani ya chila, basi. Kwa hiyo ukizidisha unapata kitu kinachobeba joto kidogo, alafu kikipoa kinakuwa kizito pampu inashindwa kukisukuma, bodaboda chache na zenyewe zinatembea taratibu, mvinyo utapoaje?

Kuna mama mmoja wa Mpunguzi hapa Dodoma alinipigia usiku, nikaenda alfajiri. Shikamoo mama, moja kwa moja kwenye tanki, lita 200 za mchuzi wa Chenin Blanc, yaani juisi ya zabibu nyeupe inayochachuka, kipimo kinasoma nyuzi 29. Nikafunua chila nikachovya kijiti, ile kitu inadondoka kama sirapu, pampu inaguna, na bomba la kurudi ukilishika mtiririko huusikii kabisa. Alianza na mchanganyiko sahihi, joto likapanda kidogo mtu akamwambia aongeze, akaongeza, likapanda tena, akaongeza tena, mpaka karibu robo tatu ya mchanganyiko ndani ya chila ikawa glaikoli tupu. Na glaikoli ya chakula sio bei ya soda. Tukamwaga nusu tukajaza maji, hatukugusa kitu kingine, tukashusha polepole ili hamira isishtuke, kesho yake jioni kipimo kikasoma 18. Lakini ile harufu ya matunda ya Chenin ilishaondoka, na hiyo hairudi hata uje na mashine ya namna gani, ndio maana naumia nikiona mtu anarudia kosa lilelile.

Kipimo ni hiki, kiandike ukutani: lita 7 za glaikoli, lita 13 za maji, unapata lita 20 ambazo hazigandi mpaka chini ya hasi 14. Maji nunua yaliyochujwa, haya ya bomba letu yana chumvi, yanaacha utando mweupe kwenye koili, lile bomba linalopitisha mchanganyiko ndani ya tanki, kama ule wa kwenye birika.

Sasa wengine wanasema glaikoli ni glaikoli, wanaenda duka la spea wananunua kulanti ya rejeta. HAPANA. Kulanti nyingi za gari ni ethilini glaikoli, ile ni sumu, inaharibu figo na inaua, na ina utamu kwa hiyo koili ikitoboka ikavujia kwenye mvinyo ulimi hautakuambia kitu. Sisi tunatumia propilini glaikoli, na dumu liandikwe kabisa ni ya chakula. Hata kulanti ya propilini usiweke, ina dawa za kuzuia kutu hazijatengenezwa kwa tumbo la mtu. Nikikuta ya gari kwenye chila sifanyi kazi mpaka imwagwe yote na mabomba yasuuzwe.

Na hii tabia ya kuweka chila hasi 8 ili mvinyo upoe haraka: mchuzi ulioshika koili unaganda, barafu inakuwa blanketi, katikati bado kuna joto. Kwa kuchachusha weka 2 mpaka 5 inatosha.

Chumba kina 20 sio kwamba mvinyo una 20. Hamira ikichemka inatoa joto lake yenyewe, ndani inaweza kuzidi chumba kwa nyuzi 5 au zaidi, sensa izame kwenye mchuzi ndani ya kile kibomba chake cha chuma, isining'inie ukutani.

Na sio kila kitu kipoe sana. Mvinyo mweupe 12 mpaka 18, lakini ule mwekundu wa Makutupora ukiubana hapo rangi haitoki vizuri kwenye maganda, uache 22 mpaka 28. Vijana mnaopika bia za eli, 18 mpaka 20.

Mwisho, chila usiifungie stoo ukadhani inapoa zaidi. Lile joto lote inalotoa kwenye tanki inalipuliza nyuma yake, kwenye stoo ya bati mchana wa Oktoba inajipikia yenyewe, iachie upepo. Na umeme ukikatika ukarudi subiri dakika 5 ndio uwashe, presha ya gesi ishuke kwanza, kompresa nyingi ninazobadilisha zimekufa hapo.